Barua Zenu: "Punda wangu alipigwa picha kama mwizi"

Tangu nilipoandika hapa kuhusu kikosi chetu cha skauti wa Amu, yaani Lamu, na punda wazee tunaowahudumia kila Jumamosi, barua zimekuja nyingi kuliko nilivyotarajia. Nimechagua tano. Ya kwanza imeninyima usingizi, kwa hiyo nitaijibu kwa urefu. Wengine mnisamehe mkipata nafasi ndogo.

Mwalimu, asalaam aleikum. Mimi ni mchukuzi, nina punda watatu na watoto sita. Wiki iliyopita natoka jeti na mchanga, kufika uwanja wa Mkunguni watoto wenu wa skafu wakanizunguka. Msichana mmoja akatoa simu akampiga picha punda wangu mgongoni, penye kidonda, na baraza imejaa watu. Mwingine akaniambia, "Huoni huruma?" Mtoto ambaye mchanga wa nyumba yao niliupeleka mimi! Punda wangu alipigwa picha kama mwizi. Nakuuliza: mnawafunza watoto huruma, au mnawafunza kukosa adabu?
*Mchukuzi, Langoni*

Wa aleikum salaam, ami yangu. Naomba radhi. Watoto walikosa, na kosa ni langu kabla halijawa lao. Niliwafundisha kukitambua kidonda, nikasahau kuwafundisha kumsalimu mwenye punda.

Nimezaliwa katika nyumba ya punda. Baba yangu alikuwa nao wanne, akibeba mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Mji wetu wa kale uliwekwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na wageni huja kuitazama milango na madaka. Mimi nikizitazama kuta zile huona migongo. Hakuna jiwe la mtaa wa Mkomani lililofika pale kwa gari, maana vichochoro vyetu vingine watu wawili hupishana ubavu. Najua kwamba punda asipotoka asubuhi, jioni jiko haliwaki. Mtoto anayemsimamisha mchukuzi njiani na kumwambia "huoni huruma" halijui hilo, na ilikuwa kazi yangu kumjulisha.

Niliposikia habari hii, kabla hata barua yako haijafika, picha ilifutwa mbele yangu. Jumamosi iliyofuata hatukuenda zizini. Nilileta ndoo za lita kumi nikazijaza mchanga mkavu, tukapima: kilo kumi na sita hivi. Kisha tukaulowesha ule mchanga kama unavyokuwa ukitoka ufukweni, tukapima tena, mizani ikakaribia ishirini. Kila wawili wakapewa ndoo moja waipeleke kwa zamu, kutoka ufuoni hadi kule msikiti wa Riyadha, jua la saa nne. Walianza wakicheka. Walipofika kati hakuna aliyekuwa na maneno. Msichana yule wa simu aliweka ndoo chini mbele ya duka moja, akaniuliza, "Mwalimu, yeye hufanya safari ngapi kwa siku?" Nikamwambia, nyingi, na punda wake pia.

Sasa tuna utaratibu mpya, na mtoto asiyeufuata havai skafu siku hiyo. Ukimkuta mchukuzi, unatoa salamu. Akiwa anapakua, unasaidia kupakua. Ukiona jeraha, unasubiri mpaka kazi iishe, unamwambia mwenyewe kwa sauti ya chini, wala humwambii mtu mwingine. Simu inabaki nyumbani.

Hayo ni ya kwangu na watoto. Sasa ami, nami niruhusu neno, kwa sababu kidonda bado kiko pale.

Sisemi wewe ni mkatili. Vidonda vya mgongo vingi nilivyoviona vililetwa na vitu vidogo: soji, yaani tandiko la punda, iliyolika upande mmoja, mzigo uliolalia kulia, kamba iliyokaza penye jasho, gunia la nailoni lililogusa ngozi. Pale juu uti wa mgongo hauna nyama ya kuukinga, na mchanga wetu una chumvi. Chumvi, jasho na nailoni vikisuguana pamoja vinakuwa msasa. Punda naye ana tabia ya kuficha maumivu. Farasi akiumwa atahangaika, atajigaragaza, utajua. Punda atainamisha kichwa kidogo tu aendelee na safari, na mwenyewe hugundua ngozi imekwisha kutoka.

Tafuta blanketi kuukuu la pamba au gunia la katani. Ulikunje liwe mito miwili, mmoja kila upande wa uti, na pale katikati uache nafasi ili chochote kisikandamize mfupa. Ukitoka kazini, mpanguse mchanga kabla ya kumfungia. Kidonda kioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, mara mbili kwa siku. Usitie oli chafu ya injini, wala maji ya betri, wala majivu. Nimeyaona yote matatu. Baba yangu alitumia oli, na aliwapenda punda wake, basi usidhani nakusimanga.

Kuhusu uzito, ushauri wanaoutoa wengi wa wanaotibu punda ni kwamba mzigo wa mgongoni usizidi theluthi ya uzito wa punda mwenyewe. Punda wetu hawa wadogo wa pwani ni kilo 130, 150. Theluthi yake ni kama mfuko mmoja wa saruji, ambao ni kilo 50. Najua mtaani watu hupakia miwili. Najua pia anayekulipa anahesabu mifuko, hahesabu safari. Lakini wewe una punda watatu. Huyu mwenye kidonda mpumzishe mpaka ngozi ifunge, hata ikichukua wiki tatu, na wale wawili usiwaongezee mzigo wake. Ni hasara, sikufichi. Hasara yake ni ndogo kuliko ya punda aliyetoboka mpaka mfupani.

Na kliniki ya punda pale ufuoni usiiogope. Ilianzishwa mwaka 1987 na shirika la Mwingereza Elisabeth Svendsen, baada ya yeye kufika huku na kuona hali ya punda wetu, na tangu hapo punda wa Amu hutibiwa bila malipo. Wazee wa kwanza kupeleka walisitasita, wakidhani watanyang'anywa. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alirudi na punda wake na dawa ya minyoo.

Kuna msemo kwamba punda afe, mzigo ufike. Baba aliuchukia. Akiusikia barazani alikuwa akiuliza, "Na mzigo wa kesho, utaubeba wewe?"

Msichana yule anataka kukuomba radhi kwa mdomo wake. Ukiridhia, niletee neno pale shuleni, nitakuja naye Langoni baada ya Alasiri. Hatakuja na simu.

Bi Mwalimu, binti yangu ana miaka kumi na mmoja, amejiunga na skauti wako. Kila Jumamosi anarudi nguo zinanuka punda, na Adhuhuri imeingia. Nyanya yake anasema hizo nguo ni najisi, abadilishe zote mpaka mtandio. Mimi nina hofu nyingine: mateke, na pepopunda. Ndugu yetu mmoja alikufa kwa pepopunda zamani, sijasahau.
*Mama mtu, Wiyoni*

Dada yangu, mimi si mtu wa kutoa fatwa, na la nguo ni vizuri ulipeleke kwa mwalimu wake wa madrasa. Nitakwambia tulivyosomeshwa sisi. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mnyama aliye hai mwili wake ni tohara, isipokuwa mbwa na nguruwe. Jasho la punda na mate yake hayanajisi nguo. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipanda punda, na Muadh bin Jabal alipakiwa nyuma yake. Kinachonajisi ni mkojo na mavi, navyo zizini havikosekani. Kwa hiyo nyanya ana sehemu ya haki. Dawa yake ni rahisi: tunao ukuta wenye misumari, na kila mtoto anatundika nguo kuukuu ya kazi. Anakuja, anabadilisha, anafanya kazi, ananawa, anavaa zake safi. Mpe binti yako dera ambalo huna haja nalo tena.

Kuna jambo pia ambalo nyanya atapenda kulisikia. Katika hadithi iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Jabir, Mtume alimpita punda aliyetiwa chapa ya moto usoni, akamlaani aliyemtia. Watoto wetu wanajifunza hadithi hiyo kabla hawajagusa brashi.

Hofu ya mateke ni ya haki. Punda ana macho ya pembeni. Anaona mbele na kandokando kwa upana mkubwa, lakini nyuma yake kabisa haoni. Mtoto akitokea huko kimya, punda hajui kama ni mtoto au fisi, atarusha mguu. Watu husema shukrani ya punda ni mateke, wakamdhania hana fadhila, kumbe ameshtuka. Mtoto wetu anamjia kwa upande wa bega huku akizungumza naye, anaweka mkono shingoni, na akitaka kupita nyuma anapita mbali kabisa, hatua nne au tano. Kwato hazishikwi na mtoto wa umri wa binti yako. Hizo ni za wakubwa, na daktari wa mifugo akiwepo.

Pepopunda ndiyo ninayotaka uishughulikie wiki hii. Jina lenyewe wazee hawakuliokota hewani. Vijidudu vyake hukaa katika udongo na katika mavi ya wanyama, punda na farasi wakiwemo, na huingia kwa jeraha, hasa lile la kuchomwa lenye tundu dogo na la kina, kama la msumari. Binti yako bila shaka alichanjwa akiwa na wiki sita, kumi na kumi na nne, kadi ya kliniki itaonyesha. Lakini kinga ile hupungua na miaka. Mpeleke hospitali na kadi yake, uulize kama anahitaji nyongeza. Kwangu mtoto haingii zizini mpaka nijue habari ya chanjo yake, na haingii na ndara. Viatu vya kufunika, hata vya plastiki. Akijikuna au kuchomwa, tunaosha kwa maji yanayotiririka na sabuni, na wewe unaarifiwa siku hiyo hiyo.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni skauti wa ngazi ya Chipukizi hapa Malindi. Binamu yangu yuko Nairobi, na kikosi chao huwasaidia farasi waliookolewa, wengine walikuwa wa mashindano wakazeeka, wengine walikutwa na njaa. Amepata beji kwa kazi hiyo. Nilipomwambia sisi tunataka kuanza na punda alicheka, akasema punda hahesabiwi. Ni kweli? Na kazi ya farasi na ya punda ni moja?
*Chipukizi, Malindi*

Marahaba mwanangu. Punda anahesabiwa. Beji ya ustadi inatazama ulichojifunza na ulichokifanya kwa mikono yako, haitazami urefu wa mnyama. Muulize kiongozi wako akuonyeshe masharti kabla hujaanza, ili kila siku ya kazi iandikwe daftarini na kutiwa saini. Usisubiri kuandika mwishoni, utasahau.

Usimchukie binamu yako. Kazi yake ni nzuri na ina uzito wake. Uskauti wenyewe una farasi ndani yake: Baden-Powell alikuwa askari wa wapanda farasi kabla hajaanzisha haya yote, na kaburi lake liko Nyeri, alikofariki mwaka 1941. Watoto wa Kenya wengi wana skafu shingoni na hawajui kwamba yuko hapa kwetu.

Farasi na punda ni ndugu, na mtoto wao ni nyumbu. Lakini tabia zao zimeachana. Farasi ametoka nyika za mbali, bara la Asia na Ulaya, na silaha yake ni mbio. Akishtuka atakimbia kwanza, atafikiri baadaye, kwa hiyo anayemshika anapaswa kuwa na mwili mtulivu kuliko wake. Punda ni Mwafrika. Babu zake ni punda mwitu wa upande wa Nubia, Ethiopia na Somalia, nchi ya mawe na maji haba. Mtazame mgongoni, wengi wana mstari mweusi unaokatwa na mwingine mabegani. Punda akishtuka husimama. Anapima. Watu humwita mkaidi, wanampiga, na yeye anazidi kusimama maana sasa ana mambo mawili ya kuogopa. Subiri naye. Hesabu mpaka thelathini. Mimi nimefanya hivyo kwenye gati na watu wakinipigia kelele, na alikwenda.

Mvua pia huwatenganisha. Manyoya ya punda hayazuii maji vizuri kama ya farasi, hulowa mpaka ngozini, na wakati wa masika punda asiye na banda huugua. Mkianza Malindi, anzeni na paa. Makuti yanatosha.

Muulize binamu yako habari ya farasi aliyeokolewa akiwa na njaa, utajifunza kitu ambacho watu wazima wengi wanakosea. Farasi kama huyo hapewi ndoo ya nafaka kwa huruma. Anapewa majani makavu kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, daktari akisimamia kipimo. Akijazwa nafaka ghafla, madini katika damu yake huvurugika, moyo hushindwa, na anakufa tumbo likiwa limeshiba. Wana pia namna ya kupima unene kwa kumpapasa mbavuni, shingoni na penye shina la mkia, wakampa namba kutoka 1 hadi 9. Kwa punda kipimo ni 1 hadi 5. Fanya kwa mkono, usiamini macho, maana manyoya huficha mbavu.

Kuna kazi moja ambayo nyote wawili mtaifanya sawasawa, nayo ni kamba. Mnyama hufungwa kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja. Akianguka au akinaswa, huna muda wa kuhangaika na fundo gumu. Na kamba haizungushwi mkononi, hata mara moja, hata kwa punda mpole. Akiondoka mbio ataondoka na vidole vyako. Jizoeze fundo hilo ukiwa umefumba macho.

Nitakuongezea sababu ya kutomwonea punda haya. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 katika Kenya. Ya mwaka 2019 ikakuta milioni 1.2 hivi. Kati ya miaka hiyo machinjio ya punda yalifunguliwa nchini, ngozi zikapelekwa China kutengenezea dawa iitwayo ejiao, na wezi wakaanza kuwachukua punda usiku. Mjane aliyekuwa akichotewa maji na punda aliamka akakuta kamba tupu. Mwezi Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Ninakwambia haya ili ujue kwamba mnyama huyo hapo uani kwa jirani yako anahitaji watoto wanaomjua kwa sura na kwa alama.

Mwanangu amekuja kwenu Jumamosi tatu. Mwezi ujao kuna sherehe ya shule na wenzake watavaa beji. Je, huwezi kumtilia saini hizo zilizobaki, azimalizie baadaye? Niko tayari kuchangia pumba na dawa.
*Mzazi*

Hapana, ndugu yangu. Pumba na dawa tutapokea kwa shukrani wakati wowote na hazitahusiana na saini. Mtoto wako ni mtoto mzuri, ana mkono mwepesi wa brashi, na amebakiza kujifunza kusafisha kwato za mbele, kazi ambayo bado anaiogopa. Nikimtilia saini leo, siku ya sherehe atakuwa amevaa kitu ambacho yeye mwenyewe anajua hakukifanya. Mwache aje. Nitamweka na msichana mmoja wa Mwamba, ngazi ya skauti wakubwa kuliko Chipukizi, ambaye naye alianza kwa kuogopa.

Mwalimu, mimi ni yule wa Matondoni. Unajua kwa nini sijaja. Nilikuwa nimebakiza Jumamosi mbili nipate beji, lakini punda wetu Subira amekufa na mimi sitaki tena. Kila nikifikiria zizi naliona pale alipokuwa akilala. Mama ameniambia nikuandikie nisikae kimya tu.
*Wa Matondoni*

Mwanangu, mama yako amefanya vizuri, nawe umefanya vizuri kumsikiliza.

Nitakwambia jinsi ilivyokuwa, kwa sababu ulipelekwa nyumbani kabla ya mwisho na hukuambiwa yote. Daktari alikaa naye mpaka usiku. Alipewa dawa ya maumivu, na hakuteseka zile saa za mwisho. Alilala ubavu, kichwa chake kikiwa kwenye gunia nililolikunja, akaondoka kabla ya Alfajiri. Asubuhi daktari alimpasua ili tujue sababu. Tumboni mlikuwa na donge kubwa kama nazi iliyofuliwa, la kamba za nailoni na plastiki zilizosokotana na majani. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, lakini Subira alikuwa mzee. Alikula jalalani miaka mingi kabla hajafika kwetu, na kitu kile hakiozi tumboni. Pengine alikuja nacho. Hukumlisha wewe, wala hukuacha mlango wazi. Nimeona katika barua yako kwamba hukuuliza, lakini najua unajiuliza.

Sasa kumbuka Ijumaa ile. Sisi wote tulipita. Mimi nilipita. Nilimwona Subira amesimama nikadhani amesinzia. Wewe ndiye uliyekuja ukaniambia, "Mwalimu, Subira hatikisi masikio." Nilimtazama tena kwa sababu yako, na ndipo tukaita daktari. Punda mwenye maumivu ya tumbo hajigaragazi kama farasi. Hunyamaza, huacha kula, masikio yakalegea, basi. Kuna watu wazima waliofuga punda miaka ishirini wasioliona hilo. Kwa sababu uliliona, Subira alipata dawa ya maumivu usiku ule na hakufa peke yake gizani.

Unataka kujua habari za Kipanga, hukuthubutu kuuliza. Tulimwacha akae na mwili wa mwenzake. Punda wanaoishi pamoja hushikamana sana, na ukimwondoa mmoja ghafla yule anayebaki humtafuta, hulia, hukataa chakula. Alimnusa. Alimsukuma kwa pua mara mbili. Akasimama karibu naye muda mrefu, kisha mwenyewe akaondoka akaenda penye maji, ndipo tukamchukua Subira tukamzika.

Siku ya kwanza Kipanga hakula. Ya pili hakula. Kwa punda hiyo ni hatari, maana akikaa na njaa mwili hufungua mafuta yake yote kwa pamoja, yakajaa kwenye damu, na ini likashindwa. Daktari alituambia tusisubiri siku ya tatu. Tulijaribu pumba, tukajaribu maganda ya ndizi. Jioni yule kaka wa Mwamba alikata ukoka mbichi pale nyuma ya ukuta, akampa mkononi, kiganja wazi, akala kidogo. Tangu hapo anakula hivyo, mkononi tu. Ukimwekea chini anautazama na kugeuka. Asubuhi kabla ya shule naenda mimi, jioni wanaenda wakubwa kwa zamu, na hawa wana mitihani.

Zile Jumamosi mbili zako ziko daftarini, nafasi yake iko wazi, na hakuna haraka. Lakini barua hii sikuiandika kwa ajili ya beji. Kipanga alikuwa akimnyooshea shingo mtu mmoja tu mbali na Subira, nawe unajua ni nani. Jumamosi saa moja asubuhi nitakuwa zizini. Njoo bila sare ukitaka. Pitia kwanza nyuma ya ukuta, ukoka wa pale una umande saa hizo, naye anaupenda hivyo.